Upande wa Kulia wa Komeo

Baba yangu ni fundi makochi, na fundi makochi hufanya kazi mdomo umejaa misumari. Huchota kwa vidole misumari midogo yenye vichwa bapa, anaitia mdomoni kama mtu anayetafuna njugu, kisha ulimi unausogeza mmoja mmoja mpaka kwenye midomo, mkono unaudaka, nyundo inagonga. Kwa hiyo karakana yetu ilikuwa mahali pazuri sana pa kubishania mpira. Makochi ya kukalia yalikuwapo, na mwenye nyumba hakuweza kumjibu mtu.

Wabishi wetu wakubwa walikuwa watatu. Kinyozi, jirani wa mlango wa pili, alikuwa radhi kumwacha mteja amenyolewa nusu kichwa ili aje kutia neno lake. Mwalimu alikuwa amestaafu lakini chaki haikumwacha. Aliokota ile chaki bapa ya baba ya kuchorea vitambaa, akachora uwanja mzima kwenye kipande cha ngozi bandia. Wa tatu alikuwa muuza mitumba ambaye wote tulimwita Mama Kadi, kwa sababu mtu akimuudhi alichomoa kitambaa chekundu kwenye furushi lake, akakiinua juu na kusema, "Nje!"

Mimi nilikuwa pembeni kwenye cherehani, nikishona foronya za mito ya makochi. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, nasubiri kupangiwa shule. Sikuwa nachangia. Mama husema nilizaliwa nikiomba radhi.

Msimu ule walikuwa na mada moja tu: beki wa kati wa timu yetu, kijana tuliyemwita Komeo.

"Wenzake wanakua, yeye anarudi tumboni," Kinyozi alisema siku hiyo, taulo la mteja bado liko begani kwake. "Mwaka juzi nilisema huyu atatuvusha. Leo nasema hata mlango wa choo asipewe kuulinda."

"Mwaka juzi ulisema pia mvua haitanyesha," Mama Kadi akamjibu.

"Nilisema haitanyesha siku ile."

"Ilinyesha siku ile."

"Jamani," Mwalimu aliingilia. "Kijana ana miaka ishirini. Beki ni kama mbao. Ukiikausha haraka, inapasuka. Muulizeni fundi."

Fundi aligonga msumari.

"Mbao gani, Mwalimu? Mbao si inakaa pale ulipoiegemeza? Huyu anahama!" Kinyozi akasimama katikati ya karakana, akawa yeye ndiye winga, tena yeye ndiye beki. "Mpira unakuja hivi, kushoto kwake. Badala ya kubaki katikati, anaufuata huko huko, na kulia kwake anakuacha wazi kama sokoni. Mtu anapita, anafunga, akirudi anatusalimia."

Mwalimu alikuwa anatia alama za msalaba kwenye uwanja wake wa chaki. "Njooni muone. Bao hili, na hili, na hili. Yote yamepita kuliani kwake, sawa. Lakini tazameni tena. Yote ni goli la ukutani. Goli la upande wa barabara hajafungisha. Ugenini hajafungisha, anacheza kama simba aliyenyimwa chakula. Kwa nini?"

"Jua," alisema Mama Kadi. "Jua la jioni linampiga machoni."

"Mechi iliyopita kulikuwa na mawingu."

"Basi pale pamefukiwa kitu." Kinyozi alishusha sauti. "Nawaambieni. Lile goli lina mwenyewe."

"Goli lina mwenyewe! Na kichwa cha yule mteja wako kina nani?" Mama Kadi alicheka, lakini nilimwona akijifunika kanga vizuri mabegani kama mtu aliyepigwa na baridi.

"Cheka tu, mama. Ila ukweli tunaujua wote. Komeo bila kufuli, hata upepo unafungua."

Neno lilimtoka kabla hajaliangalia. Nyundo ya baba ilinyamaza. Mwalimu alijipangusa chaki vidoleni, kidole kimoja kimoja, na hakuna aliyetazama upande wangu.

Kufuli alikuwa mdogo wangu.

Yeye na Komeo walicheza pamoja tangu timu ya shule, mmoja kushoto, mmoja kulia, na mashabiki ndio waliowapa majina hayo: mlango wenye komeo na kufuli, nani ataufungua? Namna yao ilikuwa moja. Hatari ikija upande wa kushoto, Komeo alitoka kwenda kuikabili bila kutazama nyuma, na mdogo wangu aliingia kwenye nafasi aliyoiacha, akapaza sauti neno moja tu: "Nipo!" Hawakuwa na mpango mwingine. Neno hilo lilitosha kumfanya Komeo aende hadi pembeni kabisa kwa moyo mweupe.

Halafu, msimu wa mvua, mdogo wangu akaanza kulalamikia kichwa. Aliingia hospitali kwa miguu yake mwenyewe, na viatu vya mpira mkononi kwenye mfuko, kwa kuwa alipanga akitoka hapo apitilize mazoezini. Mfuko ule nilirudi nao mimi.

Baba alitema misumari kiganjani.

"Mwacheni kijana," alisema. "Anacheza sawasawa."

Walimkodolea macho. Katika watu wote wa mtaa, baba ndiye aliyekuwa hakimu mkali kuliko wote. Hata mwanawe wa kumzaa, baba alimwambia mezani, mbele ya wageni, kwamba anageuka kama kabati linalohamishwa. Na leo anasema beki aliyepitwa mara zote hizo anacheza sawasawa. Kinyozi akamkumbuka mteja wake.

*

Baba na mdogo wangu walikuwa na sauti moja. Sijui nieleze vipi. Sura zao hazikufanana; mdogo wangu alikuwa amechukua pua na macho ya mama. Lakini sauti ilikuwa moja, imekatwa kwenye kitambaa kimoja. Mama alipoita kutoka uani, na ndani mtu akajibu "Nipo!", ilimlazimu aulize tena, "Nani, baba au mwana?" Na wote wawili walijibu pamoja, "Mwana!" Mama aliwarushia maneno, akacheka, na mchezo ule haukuwachosha hata siku moja.

Baada ya mazishi, wageni walipokwisha kuondoka, mama alimwita baba amsaidie kutua sufuria. Baba akajibu kama alivyozoea maisha yake yote. "Nipo!" Tulisikia sufuria ikianguka. Maji yalipita chini ya mlango, yakafika mpaka sebuleni. Tulimkuta mama amekaa sakafuni, mikono juu ya mapaja, akitazama mlangoni, akisubiri aliyeitika aingie.

Tangu siku hiyo baba alijibu "Naam." Lile neno jingine hakulitamka tena nyumbani. Nilifikiri tumelizika pamoja na mwenyewe.

*

Komeo alipenda kuja karakanani wakati wabishi hawapo. Alikaa kwenye kochi lolote lililoletwa kutengenezwa, na nilikuwa nimeshagundua kwamba alikaa ncha ya kushoto daima. Kochi la watu wawili, la watu watatu, alibanana na mkono wa kushoto na sehemu yote iliyobaki akaiacha.

Siku ile baba alikuwa amekwenda kununua sponji. Komeo alikaa muda mrefu akichezea uzi uliochomoka.

"Dada," alisema mwishoni. "Kocha amenipa mechi hizi mbili za mwisho. Nikifungisha tena, ananiacha. Na ile timu kubwa iliyokuwa inaniulizia, nasikia imeshaanza kumtazama mwingine."

"Kwani shida ni nini?" niliuliza, macho yangu kwenye sindano. Ni rahisi zaidi kuongea na sindano.

"Ukicheka, naondoka."

"Sicheki."

"Namsikia."

Sikumuuliza nani.

"Goli la ukutani," aliendelea, taratibu. "Mpira ukija kushoto, najiambia, baki, hayupo, funga katikati. Nakuwa nimeshaamua kabisa. Halafu nasikia. 'Nipo!' Dada, si kukumbuka. Kukumbuka nakujua, nakumbuka kila siku. Hii naisikia kwa masikio haya. Mguu unakwenda wenyewe. Nikigeuka hakuna mtu, na mpira uko wavuni."

Cherehani yangu ilikuwa bado inakwenda. Baadaye niligundua nimeishona foronya ile ndani nje.

"Umemwambia kocha?"

"Nimwambie nini? Marehemu ananipanga?" Alicheka kidogo, kicheko kisichofika popote. "Watanipeleka kwa mtu wa kuniombea. Wataomba asije tena." Akaukata ule uzi. "Mimi sitaki asije tena."

*

Sikuwa nimekanyaga uwanjani tangu mdogo wangu alipofariki. Mechi iliyofuata nilikwenda. Nilimwambia mama nataka kupunga upepo, na mama alinitazama kwa namna ya kuniambia kuwa upepo upo hata uani.

Uwanja wetu ni mdogo. Nyuma ya goli moja kuna barabara, nyuma ya jingine kuna ukuta mrefu, na chini ya ukuta kuna ngazi za saruji ambapo mashabiki wetu hukaa, karibu na wavu kiasi kwamba kipa akipiga chafya anaambiwa "afya!" Kinyozi, Mwalimu na Mama Kadi walikuwa katikati, wakiimba. Baba hakuwa nao. Tangu msiba, alisimama peke yake pembeni, ukuta unapokatia kona, na watu walimwacha kama mfiwa anavyoachwa.

Hakuniona. Nilishuka mpaka ngazi ya chini, nyuma ya mlingoti wa goli. Nilitaka kusikia anachosikia Komeo. Naandika hivi nikiwa najua inavyosikika, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimevaa gauni langu zuri.

Kipindi cha kwanza tulishambulia kuelekea ukutani, na sikusikia kitu zaidi ya matusi ya Mama Kadi kwa mshika kibendera. Kipindi cha pili timu zilibadilishana. Komeo akaja mbele yetu, mgongo wake karibu niuguse. Nyimbo ziliendelea. Halafu winga wao akapata mpira upande wa kushoto, akaingia, na ngazi zote zikanyamaza kwa pamoja, kama zinavyonyamaza hatari ikija, kila mtu akiwa amevuta pumzi na hajaitoa.

Ndani ya kimya kile nikasikia:

"Nipo!"

Wengine hawakugeuka, labda walidhani ni mchezaji, lakini ilikuwa sauti yake. Ilikuwa ile ile, yenye mwisho uliokatwa ghafla kama mlango uliorudishwa kwa kiganja. Nywele zilinisimama mpaka shingoni. Nilimwona Komeo akitoka kwenda kushoto, mwepesi, kama mtoto aliyeitwa na mama yake. Nami niligeuka nyuma, kwa furaha, nikitafuta jezi ya mdogo wangu, iliyochomoka daima nje ya kaptula.

Nilimwona baba.

Kofia ilikuwa mkononi mwake. Shingo ameinyoosha, midomo bado imefanya duara la ile herufi ya mwisho. Hakuwa anautazama mpira, wala winga, wala Komeo. Alikuwa anatazama majani matupu kulia kwa Komeo, na alikuwa anatabasamu.

Mpira ulipita juu ya majani yale yale, ukampita kipa, ukagonga mwamba, ukarudi uwanjani, mtu akaupiga ukaenda juu ya ukuta. Watu walipiga mayowe. Kocha alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Baba alipepesa macho kama aliyeamshwa na mlango, akavaa kofia yake.

*

Nilikaa na jambo hilo kifuani. Niliona kila upande una mtu wa kuumia. Nikimwambia Komeo, ninamuua rafiki yake mara ya pili. Nikimwambia baba, ninamnyang'anya kitu pekee alichobakiwa nacho. Nikinyamaza, mechi ya mwisho itafika, baba ataita, Komeo atakwenda, na kijana aliyekuwa na kesho yake atamaliza soka akiwa na miaka ishirini, watu wakisema goli lina mwenyewe.

Nilingoja mpaka tukawa wawili karakanani. Baba alikuwa amepiga magoti nyuma ya kochi la watu watatu, akinyoosha gunia juu ya springi, misumari mdomoni. Nilichagua wakati huo kwa makusudi. Nilijua nisingemaliza kama angeweza kunijibu.

"Baba," nilisema. "Unaita."

Aliinua nyusi.

"Uwanjani. Mpira ukija kushoto kwa Komeo. Unaita 'Nipo.'"

Nyundo ilibaki hewani. Aliiweka chini. Akaanza kutoa misumari mmoja mmoja, akaipanga juu ya mkono wa kochi, na kazi hiyo aliifanya taratibu mno.

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti, baba."

"Nilidhani nasema moyoni."

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni, na tulisubiri upite kana kwamba ungetusikia.

"Na kijana anasikia?"

"Anasikia. Anadhani ni yeye."

Baba alijifuta mdomo kwa nyuma ya mkono. "Nikiwa pale namwona, mwanangu," alisema. "Komeo akitoka, likabaki lile pengo, namwona mwenzake akiingia. Namwona kabisa, na jezi imechomoka, kila siku nilikuwa namwambia achomekee. Wanaposema tumefungwa, mimi nakuwa sijaona bao. Nimemwona yeye. Ndiyo maana niliwaambia anacheza sawasawa."

"Kocha atamwacha."

"Basi Jumamosi siendi."

Hapo ndipo nilipotaka kusema ndiyo, baba, usiende, yaishe. Lakini nilimkumbuka Komeo kwenye ncha ya kochi.

"Usipokwenda ataona kona yako iko tupu," nilisema. "Wote wameshamkatia tamaa. Umebaki wewe."

Alichota misumari ile kutoka kwenye mkono wa kochi, akairudisha mdomoni yote.

*

Jumamosi nilisimama naye pale kwenye kona. Mama Kadi alipotuona wawili, alitupungia kitambaa, si kile chekundu. Tulikuwa tunaongoza kwa bao moja mwamuzi alipopuliza mapumziko, na Kinyozi alikuwa ameshaanza kuwaambia watu wasifurahi, maana sasa linakuja goli lenye mwenyewe.

Timu zilipobadilishana, baba aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati. Alitoa kiganja cha misumari midogo, akaitia mdomoni.

"Baba! Utameza."

Alinitazama kwa dharau ya kifundi, akarudisha macho uwanjani.

Muda ulipita bila jambo. Kisha beki wao akapiga mpira mrefu, winga akaupokea kushoto, na zile ngazi zikanyamaza.

Niliona shingo ya baba ikinyooka. Niliona kifua kikipanda. Neno lilikuja, niliona likija, likapanda kooni, likafika mdomoni na kuikuta misumari. Nilisikia vyuma vikigongana na meno. Nilimshika mkono.

Komeo alianza kwenda kushoto. Akapiga hatua. Akasita.

Alisubiri. Watu waliosimama mbali waliona beki aliyetulia, na wengine baadaye walisifia utulivu ule. Mimi nilikuwa karibu. Niliona amegeuza sikio kidogo, kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba anayoijua na sasa anasikiliza kama kuna hatua ndani. Hakukuwa na kitu. Kulikuwa na upepo ukipiga wavu.

Kisha akageuka. Alirudi peke yake, akayavuka yale majani matupu kwa kasi ambayo sikujua anayo, akateleza, akautoa mpira nje. Ngazi zililipuka. Kinyozi alimkumbatia mtu asiyemjua. Baba hakusogea. Ukingoni mwa mdomo wake palikuwa na mstari mwembamba wa damu.

Walikuja tena na tena. Kila walipokuja, Komeo alisubiri kabla ya kurudi, na kila mara alisubiri kidogo kuliko mara iliyotangulia. Mwisho kabisa, kwenye dakika za nyongeza, hakusikiliza tena. Alifunga katikati moja kwa moja, kama beki yeyote aliyefundishwa vizuri. Uwanja mzima ulishangilia hilo. Mimi na baba hatukushangilia.

*

Jioni ile karakana ilijaa kelele.

"Nilisema mimi!" Kinyozi alikuwa amepanda juu ya kigoda. "Mwaka juzi nilisema huyu atatuvusha!"

"Nje!" Mama Kadi alipandisha kitambaa chekundu. "Toka nje, bila kubishana na mwamuzi! Juzi tu ulimnyima hata mlango wa choo."

"Nilikuwa nampima."

Mwalimu alifuta uwanja wake wa chaki kwa kiwiko, misalaba yote ikawa vumbi. "Amekomaa," alisema. "Mliona alivyosubiri? Hilo huwezi kumfundisha mtu. Linakuja lenyewe siku likitaka. Au vipi, fundi?"

Fundi alikuwa ameshapiga magoti nyuma ya lile kochi la watu watatu, misumari mdomoni. Aligonga msumari. Wakalipokea kama jibu, wakatoka kwenda kubishana na watu wengine wenye majibu marefu zaidi.

Komeo aliingia walipokwisha kuondoka, nywele bado zina maji, mkoba begani. Njia nzima alikuwa amekumbatiwa na watu, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayetoka makaburini. Alikaa kwenye lile kochi lisilo na kitambaa, juu ya gunia na springi, kwenye ncha ya kushoto. Hakumwona baba nyuma yake.

"Hongera, kaka," nilisema.

"Kocha amesema nabaki. Na wale wa timu kubwa walikuwapo." Alisema kama anayesoma tangazo. Kisha akainama. "Dada, leo hakuja. Nilimsubiri. Ile mara ya kwanza nilimsubiri mpaka nikaogopa. Hakuja." Akafuta pua kwa mkono wa shati. "Nimemkosea nini?"

Nyundo ilikuwa imenyamaza. Juu ya kichwa cha Komeo, macho ya baba yalikutana na yangu. Baba alianza kutoa misumari mdomoni. Aliitoa yote, akaiweka sakafuni.

Uani, mama akaita. "Mzee! Maji yako tayari!"

Nilisubiri "Naam."

Baba alikuwa anaitazama shingo ya yule kijana. Alivuta pumzi, akajibu kwa sauti ya uwanjani.

"Nipo!"

Mwili wa Komeo ulitangulia akili yake. Kabla hajajua anafanya nini alikuwa amesogea, amejibana na mkono wa kochi, ameacha nafasi kuliani. Halafu akatulia kabisa. Akageuka polepole sana, na akamtazama baba, midomo ile yenye alama ya damu, kwa muda mrefu.

Baba alizunguka kochi, magoti yakilia, akakaa kwenye ile nafasi. Springi zilinung'unika chini yake.

"Ni mimi, mwanangu," alisema. "Siku zote nilikuwa mimi. Sikujua kama natoa sauti. Nisamehe."

Nilifikiri Komeo atasimama, au atalia, au atauliza hata kuhusu mechi zile zilizoharibika. Alikuwa na haki hiyo.

"Sema tena," alisema.

Baba alitazama mlango wa uani. Hakukuwa na kilichoanguka huko. Tulisikia kandambili za mama zikisimama, kisha zikija.

"Nipo," baba akasema tena, safari hii kwa sauti ya chini, na Komeo akafumba macho.

Mama alifika mlangoni, mkono mmoja umeshika fremu, mwingine uko kifuani. Aliwatazama wawili wale kwenye kochi lisilo na kitambaa.

"Nani?" aliuliza, na sauti yake ilitetemeka, lakini aliuliza mpaka mwisho, kama zamani. "Baba au mwana?"

Walitazamana, kila mmoja akimsubiri mwenzake.